Madaftari mawili ya rambirambi: utajiri ulivyomtenga kaka yangu na watu wake

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Nimesoma humu kwa miaka mingi mijadala kuhusu mitaji, biashara na namna ya kutoboa, na nimejifunza mengi. Leo naomba tuzungumze juu ya kinachofuata baada ya mtu kutoboa, kwa sababu nimekiona kwa karibu ndani ya familia yangu, na kwa muda mrefu nilikielewa vibaya.

Mimi ni mzaliwa wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Vijana wa kwetu walikuwa wakienda Mirerani kutafuta tanzanite tangu kabla sijazaliwa, maana kutoka kwetu si mbali, na bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo la kahawa, hakikuweza tena kulipa hata karo ya shule. Kaka yangu aliondoka nyumbani mwaka 2003 akiwa na miaka 24. Aliingia kitalu B, eneo la wachimbaji wadogo, kama mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, na kwa wasiofahamu utaratibu wa kule nieleze kwa ufupi: mwenye mgodi hutoa chakula, baruti, mafuta ya kuendeshea kompresa na vifaa vingine, lakini mwanaapolo halipwi mshahara. Anashuka shimoni kila siku kwa matumaini kwamba mgodi utazalisha, na ukizalisha anapata fungu lake. Usipozalisha kwa miaka mitano, amefanya kazi miaka mitano kwa ugali na maharage. Alipokuwa akija nyumbani Krismasi, vumbi jeusi la grafaiti lilikuwa limekaa kwenye mikunjo ya vidole vyake, na hata akisugua kwa jiwe halikutoka lote.

Mwaka 2009 mgodi ulizalisha. Sitataja kiasi alichopata, lakini kilitosha kumjengea mama nyumba, kununua magari mawili na kiwanja Arusha, na bado ikabaki fedha ya kumwezesha naye kuwa mwenye mgodi.

Sasa nirudi kwenye madaftari. Baba alifariki Mei 2004, wakati kaka alikuwa bado hana kitu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, wazee waliniketisha kwenye meza ndogo chini ya mparachichi na kunipa kaunta buku niandike rambirambi. Niliandika majina 286. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na ukilifungua unakutana na mambo kama haya: jirani wa juu, shilingi 1,000, shemeji wa Boma Ng'ombe, debe moja la mahindi, mama wa duka, chumvi kilo moja na mzigo wa kuni, wanaapolo wenzake kaka, shilingi 43,000. Hao wa mwisho walichangishana shimoni, watu ambao hawakuwa na mshahara, wakamtuma mmoja wao aje na fedha ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Mama alifariki Agosti 2014. Kaka alikuwa tajiri kwa miaka mitano. Nilikuwa mtu mzima sasa, lakini nikaomba mwenyewe kukaa mezani, kwa heshima ya mama. Watu waliofika walikuwa wengi kuliko msiba wa baba, tena mara mbili. Kulikuwa na maturubai makubwa, viti vya kukodi, wapishi kutoka Moshi na maspika. Daftari lilikuwa na majina 61. Kiasi cha fedha kilikuwa kikubwa kuliko cha mwaka 2004, kwa sababu wafanyabiashara kadhaa wa Arusha walileta bahasha nzito, lakini hapakuwa na debe la mahindi hata moja, wala chumvi, wala kuni. Majirani walifika, wakalia, wakala, wakaondoka.

Nilikasirika sana. Niliwaona kama watu wenye wivu waliokuja kula mali ya kaka yangu. Kama miezi miwili baadaye nilimtembelea yule mama wa duka, ambaye alikuwa amemsaidia mama yetu hata kumlea mdogo wetu wa mwisho, na nikamuuliza kwa heshima lakini kwa uchungu kwa nini safari hii hakuleta kitu. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, elfu mbili yangu ningeiweka wapi pale?"

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote hii. Tumezoea kusema kwamba tajiri amebadilika, amekuwa na dharau, amesahau alikotoka, na wapo kweli wa namna hiyo. Lakini lililompata kaka yangu lilianzia upande wa pili. Watu waliacha kumpa. Katika jamii zetu undugu na ujirani unashikiliwa na vitu vidogo vinavyozunguka: leo mimi nakuletea kuni, kesho wewe unanisaidia kuezeka, keshokutwa wote tunamchangia kijana wa jirani anayeoa. Siku kaka alipopata fedha, mzunguko huo ulimruka. Akabaki kuwa mtu wa kuombwa tu, na ambaye hakuna aliyeona ana haja ya kupewa chochote.

Angalieni michango ya harusi. Zamani alikuwa akipokea kadi kama mtu mwingine yeyote, analipa 10,000 yake, anakaa kwenye meza na wenzake, anacheka, ndafu ikikatwa anapata kipande chake. Baada ya 2009 kamati zilianza kupanga bajeti zikiwa tayari zimemwekea pengo lake. Kama bajeti ilipungua milioni mbili, ilijulikana nani ataziba. Kanisani akawa mgeni rasmi wa kila harambee, anakaa mbele peke yake karibu na mchungaji, kwenye kiti chenye kitambaa. Nilimwona siku moja akigeuka kutazama nyuma, waliko wenzake wa utotoni, na hakuna aliyemwita.

Kisha yakaja ya kafara. Wapo waliosema kwamba baba alitolewa kafara ili mgodi uzalishe. Baba alikufa kwa shinikizo la damu mwaka 2004, mgodi ukazalisha mwaka 2009, na miaka hiyo mitano katikati haikumzuia mtu kusema. Nadhani uvumi wa namna hii haumhusu sana mchawi. Jasho lililotoka ni la watu wengi na aliyepata ni mmoja, na jambo hilo linaumiza, hivyo watu wanatafuta namna ya kulieleza. Mirerani yenyewe imejaa mfano huo: Mzee Jumanne Ngoma, ambaye serikali inamtambua kuwa mgunduzi wa tanzanite mwaka 1967, alikuja kupewa shilingi milioni 100 na Rais Magufuli mwaka 2018, akiwa mzee na mgonjwa, baada ya jiwe hilo kuwa limewatajirisha watu kwa nusu karne. Bahati ya madini haina uwiano na jasho, na moyo wa mtu haukubali kirahisi kitu kisicho na uwiano.

Jambo la mwisho kwa leo ni ndoto zake. Kabla ya 2009 zilikuwa tatu, na zilikuwa na mwisho: kumjengea mama nyumba, kununua ng'ombe wawili wa maziwa, na kunisomesha mimi. Alikuwa akinitajia kila Krismasi kwa mpangilio uleule. Alipopata fedha, alizimaliza zote tatu ndani ya miezi minane. Mtu aliyeshuka shimoni miaka sita kwa ajili ya mambo matatu akaamka asubuhi moja hana hata moja.

Akarudi Mirerani kama mwenye mgodi. Ninyi mnaojua kazi ile mnajua gharama zake: dizeli, baruti, kamba, kukarabati kompresa, chakula cha vijana thelathini kila siku, na shimo linalozidi kwenda chini bila kuahidi kitu. Kwa miaka mitatu halikuzalisha. Nilimsihi aache, anunue hata nyumba za kupangisha, nikaamini kwamba tamaa imemtawala. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule akishuka, anayeshika kamba juu anamshika kama anavyomshika mtu yeyote. Sikumwelewa siku hiyo. Sasa naamini hakuwa akifuata jiwe peke yake. Shimoni kila mmoja bado anamhitaji mwenzake, na hakuna anayeuliza elfu mbili yake aiweke wapi.

Naomba michango yenu, hasa ya wale waliopitia hali hii wao wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa uchungu na ninakuheshimu, lakini naona umemtetea kaka yako kupita kiasi. Mimi nimefanya kazi ya udereva kwa mtu mwenye uwezo kwa miaka saba. Kila palipotokea msiba wa jirani au wa ukoo, alikuwa akinipa bahasha mimi nipeleke. Nilikuwa napokelewa vizuri, naandikwa kwenye daftari kwa jina lake, nakula, narudi. Mwenyewe alikuwa akisema ana kikao. Baada ya muda niligundua kwamba watu walikuwa wakinifahamu mimi kuliko yeye, na mtoto wangu alipolazwa, walikuja wodini kuniona watu wa kijiji chake, wala si cha kwangu. Fedha ilikuwa yake lakini miguu ilikuwa yangu. Nakuomba uhesabu: kati ya 2009 na 2014, kaka yako alikwenda kwa miguu yake kwenye misiba mingapi?

Mleta uzi

Mkuu, swali lako limeninyima usingizi kwa siku mbili, na sitaki kulijibu kwa kujitetea. Nimekaa na dada yangu mkubwa tukakumbushana misiba ya ukoo na ya majirani wa karibu katika miaka hiyo. Tumefika kumi na tisa. Alihudhuria mitatu. Mingine alituma fedha, na mingi kati ya hiyo aliyepeleka ni mimi.

Kwa hiyo nakubali kwamba nilisema nusu ya jambo. Mzunguko ulimruka, lakini naye alikuwa ameanza kutoka. Ukinibana nitaje kipi kilitangulia, nitasema vilikwenda pamoja. Alipofika msibani mara ya kwanza akiwa na gari, watu watano walimfuata pembeni mmoja baada ya mwingine kumweleza shida zao, kabla hata hajamshika mkono mfiwa. Aliona aibu mbele ya mfiwa. Mara ya pili ikawa hivyohivyo, na mara ya tatu akatuma bahasha. Yeye aliona anawaepusha wafiwa na fujo, watu wakaona amewadharau, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake.

Hapa ndipo ninapoelewa pia kwa nini wenye fedha huishia kukaa na wenye fedha wenzao. Nilikuwa nikichukia marafiki zake wapya wa Arusha. Lakini pale mezani mmoja akinunua leo, mwingine ananunua kesho. Mmoja akiuguliwa, wenzake wanakuja na matunda. Ni mzunguko uleule wa kijijini, ila kiwango chake kimepanda. Alikuwa anatafuta mahali ambapo anaweza kupokea bila aliyempa kujiona mdogo.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo kaka mleta uzi. Umezungumza juu ya mama, majirani na marafiki, lakini hujamtaja mke. Naomba kujua shemeji yako alikuwa wapi katika haya yote, maana mara nyingi wanawake tunavumilia miaka ya dhiki halafu fedha ikija hatutajwi.

Mleta uzi

Marahaba dada yangu, na umenisuta kwa haki.

Shemeji alikuwa akiuza mitumba sokoni Boma Ng'ombe. Katika miaka sita ya ukame, aliyelisha nyumba ni yeye. Alikuwa na kikoba cha wanawake 25, wanakutana kila Jumamosi, wananunua hisa, wanakopeshana, na sanduku lao lina kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Yeye alishika ufunguo mmoja. Kwa ada ya shule yangu ya kidato cha nne, fedha ilitoka kwenye sanduku hilo, kwa mkopo alioubeba yeye.

Kaka alipopata fedha, alimwambia aache soko. Hakusema kwa ubaya. Alidhani anampumzisha, na wazee wakamuunga mkono kwamba mke wa mtu mwenye uwezo hawezi kuonekana amechuchumaa juu ya marobota. Akaacha. Wiki chache baadaye kikoba kikamwomba kwa adabu arudishe ufunguo, kwa hoja kwamba hana tena haja ya kukopa. Shemeji alinieleza kwamba aliutoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni mbele ya wenzake, na aliyeupokea hakumtazama machoni. Aliporudi nyumbani alilala mchana kutwa.

Kuanzia hapo kila shilingi aliyotumia alilazimika kuiomba. Mwanamke aliyekuwa akiendesha nyumba kwa fedha yake akawa anaeleza matumizi ya sabuni. Ugomvi ulioingia kati yao haukutokana na mwanamke wa nje, ingawa ukoo wetu ulipenda kuamini hivyo. Mwaka 2013 alirudi kwao kwa miezi saba. Alirejea kwa sharti moja, kwamba atafungua tena biashara na kaka hataweka mtaji hata senti. Kaka alikubali. Leo ana duka la vitambaa, na kwa maoni yangu ndiye mtu katika familia yetu aliyeelewa mambo haya mapema kuliko sisi wote.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, je, hakuna aliyepata akabaki na watu wake? Tumchukue bilionea Laizer. Mbona yeye anaonekana yuko vilevile?

Mleta uzi

Nashukuru kwa mfano huu, kwa kuwa unatoka palepale. Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na Rais Magufuli akampigia simu mbele ya kamera za televisheni. Agosti mwaka huohuo akauza la tatu, la kilo 6.3. Aliyoyasema hadharani siku zile yanastahili kukumbukwa: kwamba atachinja ng'ombe mmoja kusherehekea, kwamba ataendelea kuchunga ng'ombe wake wapatao 2,000, kwamba anataka kujenga shule karibu na nyumbani kwake, na kwamba anaweza hata kutembea usiku bila wasiwasi.

Naona tofauti moja kubwa kati yake na kaka yangu. Laizer alikuwa na wake wanne, watoto zaidi ya thelathini na ng'ombe maelfu kabla ya jiwe. Alikuwa tayari mtu mwenye mali kwa kipimo ambacho Wamasai wenzake wanakifahamu vizuri, na mtu mwenye ng'ombe wengi ana nafasi yake ya siku nyingi, haki zake na wajibu wake. Fedha ilimkuta akiwa ameshakalia kiti. Na ng'ombe mmoja anayechinjwa ni kitu ambacho jirani anaweza kukirudisha siku yake ikifika, naye akachinja wake. Kaka yangu alitoka kwenye deni la duka akaingia kwenye magari mawili ndani ya mwezi mmoja, na kijijini hapakuwa na nafasi yoyote iliyoandaliwa kwa mtu wa namna hiyo.

Wengi mmeniuliza yuko wapi sasa. Mgodi aliuacha mwaka 2016, na fedha iliyobaki ilijenga nyumba chache za kupangisha Arusha. Hajafilisika, wala hajarudi kuwa kama zamani. Mwaka juzi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Kijijini kwetu kuna chama cha kufa na kuzikana, kila kaya inatoa 2,000 kwa mwezi, na kunapotokea msiba wanachama wanachimba kaburi, wanabeba viti, wanachota maji. Aliandika barua ya kuomba kujiunga. Alipeleka mwenyewe.

Kikao cha kwanza kilishindwa kuamua. Baadhi walitaka awe mlezi wa chama, atoe mchango mkubwa mara moja kwa mwaka, asisumbuliwe. Alikataa. Kikao cha pili walikubali kwa masharti ambayo mwenyekiti aliyasoma kwa sauti: atalipa 2,000 kama kila mtu, hatapokewa zaidi hata akileta, na zamu yake ya kuchimba hataruhusiwa kumtuma mtu. Zamu ya kwanza ilimkuta na miaka zaidi ya arobaini na mgongo wenye maumivu ya shimoni, akachimba na vijana wawili mpaka saa sita mchana. Nilikuwepo. Mama wa duka, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alileta uji kwenye chupa, akawamiminia wachimbaji watatu kwa kikombe kimoja, na kaka akanywa ilipofika zamu yake.

Machi mwaka jana alichelewa kikao kwa nusu saa kwa sababu ya foleni barabarani. Katibu alimtoza faini ya shilingi 500 na kumwandikia risiti. Alinitumia picha ya risiti hiyo saa mbili usiku, bila maneno yoyote.